Binti ana mzio wa wanyama na nyumba nzima inataka mbwa: tuchukue aina gani?

Baba Wawili (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu na kijana wetu mkubwa wanataka mbwa. Binti yetu wa miaka 7 anamtaka kuliko wote, na ndiye mwenye tatizo. Akikaa na paka wa shangazi yake macho yanavimba na chafya hazikatiki. Kwa mbwa hatueleweki: siku nyingine anacheza nao vizuri tu, siku nyingine anarudi anajikuna shingo mpaka usiku.

Nasikia kuna aina za mbwa wasioleta mzio, wale wenye manyoya ya kujisokota yasiyopukutika. Muuzaji mmoja kaniapia kabisa kwamba kwa mbwa wake hata mgonjwa wa pumu analala naye. Nitajieni aina nzuri nijue naanzia wapi. Sitaki kuleta mbwa, watoto wamzoee, halafu nimwondoe. Natanguliza shukrani.

Mpenda Manyoya

Poodle mkuu, funga uzi. Hapukutishi, ana akili, anafundishika. Hata Obama alipoingia Ikulu ya Marekani alichukua mbwa wa namna hiyo kwa sababu mtoto wake alikuwa na mzio.

Kisima

Wa Obama hakuwa Poodle. Bo alikuwa Portuguese Water Dog, aliletwa 2009, zawadi ya Seneta Edward Kennedy, na Sunny wa aina hiyohiyo akaongezwa 2013. Ni kweli Malia alikuwa na mzio. Ila kinachothibitishwa na habari ile ni kwamba familia moja iliweza kuishi na mbwa wao, basi.

Mleta mada, ngoja nitulie nikuandikie vizuri, maana swali lako limeanzia mahali ambapo karibu kila mtu anaanzia na ndipo wauzaji wanapowangojea.

Jicho la Tai

Mbwa ni wa nje. Mjengee banda, mtoto amwangalie dirishani. Mzio kwisha. Haya mambo ya mbwa kulala sebuleni ndiyo yanaleta maswali.

Kisima

Nimerudi. Ni ndefu, vumilieni.

Watu wengi wanadhani mzio unaletwa na manyoya. Manyoya ni kikapu tu, mzigo wenyewe ni protini zinazotoka kwenye mate, kwenye magamba madogo ya ngozi na kwenye mkojo. Mbwa anajilamba, mate yanakaukia mwilini, ngozi inabanduka vipande vidogo visivyoonekana kwa jicho, na vile vidogo zaidi vinaelea hewani muda mrefu kabla ya kutua kwenye zulia, pazia na godoro. Kinga ya mwili ya mwenye mzio inaziona protini hizo kama adui, ndipo unapata chafya, macho kuwasha, vipele, au kifua kubana. Kila mbwa ana mate na kila mbwa ana ngozi. Hata wale wasio na manyoya kabisa, kama Xoloitzcuintli, wanazo.

Protini hizo zina majina. Iliyochunguzwa zaidi inaitwa Can f 1, na zipo nyingine: Can f 2, Can f 3, na kuendelea. Kila mgonjwa ana zake. Mmoja anachokozwa na Can f 1, mwingine na kadhaa kwa pamoja. Na mbwa nao hawalingani: wawili wa aina moja, hata wa tumbo moja, wanaweza kutoa viwango tofauti kabisa vya protini hizo.

Sasa hizi aina zinazoitwa salama. Watafiti wa hospitali ya Henry Ford kule Detroit walichukua vumbi kwenye nyumba zaidi ya 170 zenye mbwa mmoja mmoja, jumla aina 60, wakapima Can f 1. Matokeo yalitoka 2011: nyumba zenye mbwa waliosifiwa kuwa salama hazikutofautiana na nyingine. Mwaka uliofuata Waholanzi wakatoa utafiti wao ambao kwangu ni mtamu zaidi, maana walipima manyoya yenyewe pamoja na vumbi la nyumbani. Kwenye manyoya, Poodle ndiye aliyekuwa juu kwa Can f 1, na Labrador, huyu anayepukutisha mpaka unaokota manyoya kwenye soksi, alikuwa chini.

Sitaki kudanganya kwa upande wa pili pia. Utafiti huohuo ulikuta vumbi la sakafuni kwenye nyumba za Labradoodle (mchanganyiko wa Labrador na Poodle) likiwa na Can f 1 kidogo kuliko kwa wengine, ila hewani hakukuwa na tofauti. Na mbwa asiyepukutisha ana faida ya kawaida tu: manyoya yake hayajai kwenye makochi, usafi ni rahisi. Lakini hiyo ni habari ya ufagio, usiichanganye na habari ya kinga ya mwili ya binti yako.

Kwa hiyo swali la "aina gani" lina jibu dogo sana. Lenye jibu kubwa ni hili: binti anachokozwa na nini hasa, na huyu mbwa mmoja mnayemtaka anamfanyaje.

Mpenda Manyoya

Kisima nakuheshimu ila mimi mwenyewe nina mzio, ninaye Poodle, na nalala vizuri. Kwa dada yangu kuna German Shepherd, nikikaa kidogo tu pua imeziba. Utafiti wa Waholanzi hauwezi kuniambia pua yangu inasema uongo.

Kisima

Pua yako inasema kweli, ndugu yangu, tena inaniunga mkono. Inakuambia habari za Poodle wako na German Shepherd wa dada. Haikuambii habari za Poodle ambaye Baba Wawili atamnunua. Halafu kuna jambo la pembeni: wako anaoshwa mara ngapi, na wa dada mara ngapi? Poodle lazima anyolewe na kuoshwa, la sivyo manyoya yanashikana. Huenda unachokisifia ni beseni la maji.

Mpenda Manyoya

Hahaha, anaoshwa kila wiki. Sawa, hilo nalipokea nusu.

Mganga wa Wanyama

Salaam. Mimi ni daktari wa mifugo, naongezea lile linalosahaulika kila mara: jinsia ya mbwa.

Kuna protini inaitwa Can f 5. Hii inatengenezwa kwenye tezi dume. Maana yake inatoka kwa mbwa dume, kwenye mkojo, na inasambaa mpaka kwenye manyoya yake. Wapo wagonjwa ambao katika protini zote za mbwa wanachokozwa na hii peke yake, na si wachache. Mtu kama huyo anaweza kuishi na mbwa jike bila shida, awe Poodle au awe yeyote, na akija dume anaanza kupiga chafya. Mleta mada, hili linaweza hata kueleza kwa nini binti siku nyingine anacheza salama na siku nyingine anajikuna. Sisemi ndivyo ilivyo, nasema linapimika.

Vipimo vya damu vya siku hizi vinaweza kutenganisha protini hizi moja moja, Can f 1 kando, Can f 5 kando. Si kila maabara inavyo, ila mwulize daktari wa mzio kwa kutumia majina hayohayo. Akisema binti ana Can f 5 tu, umeshapata jibu kubwa kuliko orodha yoyote ya aina za mbwa. Dume aliyehasiwa naye hutoa kidogo, kwa sababu protini hii inategemea homoni za kiume. Lakini kama mna nafasi ya kuchagua, jike ni njia fupi.

Tahadhari: kama ni Can f 1 au mchanganyiko, jinsia haitawasaidia. Msisome uzi huu mkakimbilia jike mkidhani mmemaliza.

Mama Nuru

Nisaidieni na mimi. Nimesikia mtoto akikaa na mbwa mapema mwili unazoea, mzio unaisha wenyewe. Kwa nini asiletewe tu azoee?

Kisima

Mama Nuru, hapo kuna mambo mawili yameunganishwa. La kwanza ni la kweli: Sweden waliangalia rekodi za watoto zaidi ya 600,000, wakachapisha 2015, na waliokulia na mbwa tangu mwaka wao wa kwanza walikuwa na pumu pungufu kwa kama asilimia 13 walipofika umri wa kwenda shule. Lakini wale ni watoto wachanga ambao kinga zao zilikuwa bado zinajipanga. Binti wa miaka 7 ambaye macho yameshavimba, kinga yake imeshachagua upande. Kumwekea mbwa ndani "azoee" kunaweza kumpeleka mbele zaidi, kutoka pua hadi kifua.

Kuzoesha mwili kupo, ila kunafanywa na daktari: mgonjwa anapewa kiasi kidogo cha kile kinachomchokoza, kinaongezwa polepole, na matibabu yanachukua miaka 3 hadi 5. Haifanani na kumfungia mtoto chumba kimoja na mbwa.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Nilikuwa nasoma kimya ila hapo kwenye kifua naingia.

Baba Wawili, je, binti ana pumu? Amewahi kukohoa sana usiku, kifua kupiga miluzi, kuchoka upesi akikimbia? Kama jibu ni ndiyo, mazungumzo ya mbwa yasimame mpaka pumu itulie na daktari aseme neno lake. Chafya na macho kuwasha ni usumbufu. Pumu inayochokozwa kila siku nyumbani ni kitu kingine, mtoto anaishia kwenye mashine ya kuvuta dawa na nyie mnaulizana nani alitaka mbwa. Yule muuzaji aliyekuapia kuhusu wagonjwa wa pumu hatakuwepo saa hiyo.

Na jingine: msidhani kila chafya ni mbwa. Tumeona familia zikimfukuza mnyama, kumbe mtoto alikuwa na mzio wa utitiri wa vumbi uliojaa kwenye godoro, au wa chavua ya majani ambayo mbwa alikuwa anaibeba kutoka nje. Mnyama kaondoka, chafya zimebaki. Kipimo cha ngozi kinatenganisha haya. Wanaweka matone ya vitu mbalimbali kwenye mkono au mgongo, wanachoma kidogo sana juu ya kila tone, na baada ya dakika 15 hadi 20 wanaangalia palipovimba. Hakiumi kama watoto wanavyofikiri.

Ila kipimo kikivimba hakimaanishi moja kwa moja kwamba ataumwa akiishi na mbwa. Wapo ambao ngozi inavimba na maishani hawana dalili. Kinasomwa pamoja na historia yake.

Baba Wawili (mleta mada)

Dah. Niliingia kutafuta jina la mbwa, natoka na Can f 5. Asanteni sana.

Muuguzi, pumu hana, hajawahi kutumia pampu, kifua chake kiko sawa. Ni macho, pua na ngozi. Hata hivyo nitamwuliza daktari waziwazi.

Swali: tuseme tumepima, na daktari kasema tunaweza kujaribu. Tunamjaribuje mbwa kabla hajawa wetu? Muuzaji anasema mlete binti amshike mtoto wa mbwa akiona hana neno mlipe.

Kisima

Usilipe siku hiyo. Kumshika kidogo uwanjani hakuonyeshi lolote. Wengine wanapata dalili papo hapo, wengine zinajikusanya polepole kadiri protini zinavyojaa ndani ya nyumba, siku ya kwanza safi, wiki kadhaa baadaye macho mekundu.

Fanya hivi. Nendeni mkae na mbwa huyohuyo ndani ya chumba, si nje, kwa saa kadhaa. Binti amshike, amsugue, alambwe mkononi, halafu asinawe papo hapo. Rudieni siku nyingine, na nyingine. Angalieni usiku wake na asubuhi yake, si saa ileile tu. Na awe hajameza dawa ya mzio siku hizo, la sivyo mnajaribu dawa. Tatizo la nyumba za wauzaji ni kwamba mara nyingi wako mbwa wengi, paka wapo, vumbi lipo. Akipiga chafya hujui ni nani kasababisha. Mkiweza, mbwa aletwe chumba ambacho wanyama hawaingii.

Kilicho bora zaidi ni kukubaliana kumlea kwa muda mbwa mkubwa kutoka makao ya mbwa walioachwa, huku makao yakijua tangu mwanzo kwamba kuna mtoto mwenye mzio na huenda akarudi. Ikishindikana, anarudi mahali palipomtarajia.

Nasisitiza mbwa mkubwa. Mtoto wa mbwa ngozi yake na mate yake bado vinabadilika, alivyo leo sivyo atakavyokuwa akikomaa. Mkubwa unamjaribu kama atakavyokuwa.

Bahari Kuu

Hapo kwa kujaribu mbwa mmoja mmoja naongezea historia ya Labradoodle, maana watu wanaidhani ni ushindi wa ile dhana ya aina salama.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wally Conron alikuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza vipofu Australia. Ikaja barua kutoka kwa mwanamke kipofu wa Hawaii, mumewe ana mzio wa mbwa. Conron akahangaika na Poodle wengi, hakuna aliyefaa kazi ile. Mwisho akamchanganya Poodle na Labrador, wakazaliwa watoto watatu. Akatuma sampuli za manyoya na mate Hawaii. Katika watatu, mmoja tu ndiye ambaye hakumdhuru mume yule. Huyo ndiye Sultan, akaenda kufanya kazi.

Watatu wa tumbo moja, mmoja tu akafaa! Baadaye dunia nzima ikaanza kununua Labradoodle kama dawa, na Conron mwenyewe akasema hadharani anajutia alichokianzisha, wafugaji walivyojizalishia hovyo bila kujali afya ya mbwa.

Jicho la Tai

Bado nasema banda la nje.

Mganga wa Wanyama

Jicho la Tai, banda linapunguza, sikatai, na kwa mbwa wa ulinzi ni sawa kabisa. Ila protini zinasafiri kwenye nguo. Zimekutwa hata kwenye madarasa ya shule ambako mbwa hajawahi kukanyaga, zimebebwa na wanafunzi. Kijana akitoka kucheza na mbwa bandani akajitupa kwenye kitanda cha dada yake, banda halijasaidia chochote. Na mbwa anayetazamwa dirishani tu, asiyeguswa wala kufundishwa, huyo hajapata familia. Anakuwa mbwa wa kubweka usiku kucha.

Mama Nuru

Na akishafika ndani? Kuna jirani alisema anamwosha mbwa mara moja kwa mwezi na mzio umeisha.

Kisima

Kumwosha kunapunguza, ila kwa muda mfupi sana. Waliopima, 1999, walikuta kiwango cha Can f 1 kinapanda tena haraka kiasi kwamba lazima aoshwe mara 2 kwa wiki ili ibaki chini. Mara moja kwa mwezi ni usafi mzuri, si kinga. Na mara 2 kwa wiki kwa mwaka mzima si kazi ndogo, jiulizeni nani ataifanya watoto wakishachoka. Ngozi ya mbwa nayo inakauka, tumia sabuni ya mbwa, si ya binadamu, na msimalizie kwa kumwacha na povu mwilini.

Kitu chenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni mlango. Chumba cha binti mbwa asiingie, hata siku moja, hata akilia nje. Mtoto anatumia theluthi ya maisha yake pale. Zulia likitoka ni bora zaidi, sakafu tupu inapigwa deki. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kufagia kavukavu kunarusha hewani. Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA inasaidia chumbani, kichujio hicho kinanasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa mikromita 0.3. Lakini kinanasa kinachopita ndani yake. Kilichoshikwa na kochi hakipiti huko. Kumchana mbwa kufanyike nje, na asiwe binti wa kumchana.

Makochi ya kitambaa sigusi, kila nyumba ina vita vyake.

Mpenda Manyoya

Na binti anawe mikono na asijishike macho. Mimi hilo limenisaidia kuliko mambo yote.

Baba Wawili (mleta mada)

Nimemsomea mke wangu uzi mzima. Yeye kauliza jambo ambalo sikuliwaza: ikitokea baada ya miezi mambo yakaharibika, mbwa akiondoka mtoto anapona siku ileile?

Muuguzi Zamu ya Usiku

Hapana. Protini zinabaki kwenye mazulia, magodoro na vitambaa kwa miezi. Wanafamilia wengi wanaona mbwa kaondoka na mtoto bado anapiga chafya, wanadhani walimwonea mbwa. Lazima nyumba isafishwe kwa nguvu na bado msubiri.

Baba Wawili (mleta mada)

Nimeelewa. Basi mpango uko hivi. Binti anaenda kwa daktari wa mzio kwanza, nitauliza kuhusu Can f 5 na utitiri. Muuzaji nimeshamwambia asinihesabu. Daktari akituruhusu tunatafuta mbwa jike mkubwa wa kulea kwa muda, na kijana mkubwa ameandikishwa zamu ya kuosha kwa maandishi, na saini ameweka.

La mwisho kwa leo: binti huwa anameza dawa ya mzio msimu wa vumbi. Aendelee nayo mpaka siku ya kipimo cha ngozi?

Muuguzi Zamu ya Usiku

Asiende akiwa amemeza, ngozi haitavimba hata kama mzio upo na mtadanganyika. Huwa zinaachwa siku kadhaa kabla, zinatofautiana dawa kwa dawa. Piga simu kliniki unapochukua miadi, wasomee jina lililoandikwa kwenye pakiti, watakupa tarehe ya kuacha. Na dawa za mafua za dukani ziangalie pia, nyingi zina dawa ya mzio ndani yake.